Nilikula siku ya kumi na moja ya Kwaresima: je, nilipe siku zilizobaki?

“Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Nina miaka 36 na watoto watatu, wa mwisho ana miezi minane na bado ananyonya. Nauza chakula karibu na stendi ya mabasi. Naamka saa tisa usiku kuwasha mkaa, narudi nyumbani saa mbili usiku. Jumatano ya Majivu nilimwekea Mungu nadhiri: kufunga hadi jioni siku zote arobaini bila hata maji, Rozari kila usiku, na nisikose Njia ya Msalaba. Nina vidonda vya tumbo, lakini nilisema Mungu atanishika. Siku ya kumi na moja nilianguka mbele ya wateja. Mume wangu akaitwa, akaninywesha uji kwa nguvu. Tangu hapo kila kitu kikaharibika. Rozari nalala tendo la pili. Njia ya Msalaba ni saa kumi jioni, na saa hiyo mabasi ya mikoani ndiyo yanaingia. Mwenzangu wa Jumuiya anasema nadhiri ya Mungu haivunjwi, nilipe siku thelathini zilizobaki baada ya Pasaka, na nisikomunike mpaka nimalize. Pasaka sikukomunika. Jirani yangu Mwislamu anapika kama mimi, amefunga Ramadhani yote na hakuanguka. Je, nianze kulipa lini? Na mtu wa kazi kama yangu anaweza kweli kuwa mtu wa sala, au hayo ni ya masista?”

Milele amina, mama.

Nianze na lile linalokuchoma, maana mengine hutayasoma kwa utulivu kabla hujalisikia. Huna hata siku moja ya kulipa, na hakuna kilichokuzuia kukomunika. Ungeweza kukomunika kwenye Kesha la Pasaka, na Dominika hii unaweza. Sasa tukae nikueleze kwa nini, kwa sababu neno tupu la padri halitamnyamazisha mwenzako wa Jumuiya, wala ile sauti iliyo ndani yako, ambayo nadhani ni kali kuliko yeye.

Sheria yenyewe ni fupi. Katika mwaka mzima, siku ambazo Kanisa letu linamwamuru Mkatoliki kufunga ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga maana yake ni mlo mmoja wa kushiba kwa siku. Asubuhi na jioni unaruhusiwa kitu kidogo cha kukushikiza. Maji hayakatazwi. Dawa haikatazwi. Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama, au tunajinyima kile ambacho maaskofu wa nchi wamekiweka badala yake. Kutokula nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na kufunga kunamhusu mwenye miaka 18 mpaka anapouanza mwaka wake wa sitini. Utayakuta hayo katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1251 hadi ya 1253, na msingi wake ni waraka wa Papa Paulo VI wa Februari 1966.

Na hata siku hizo mbili hazikukubana wewe. Mafundisho ya maadili tangu zamani humwachilia mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye kazi nzito asiyeweza kuifanya akiwa na njaa. Wewe una sababu tatu kwa mpigo: tumbo, mtoto na jiko. Ungekula wali na maharage mchana wa Ijumaa Kuu, ukafuta sahani, na usingekuwa na la kuungama.

Utasema, mbona bibi yangu hakuwa hivyo? Kweli, hakuwa hivyo. Kwa karne nyingi Wakristo walikula mara moja tu kwa siku wakati wa Kwaresima, jioni baada ya sala, na baadaye mlo huo ukasogezwa polepole hadi mchana. Kwa hiyo wazo lako la kufunga hadi jua kuzama hukulitoa hewani; ni la kale na lina heshima yake. Mfungo wa kabla ya Komunyo nao ulianzia saa sita usiku, na hata tone la maji lilikuzuia. Papa Pio XII akaruhusu maji mwaka 1953, akaufanya mfungo kuwa wa saa tatu mwaka 1957, na Paulo VI akaushusha hadi saa moja mwaka 1964. Bibi aliyelelewa kabla ya hapo aliwafundisha wanawe sawasawa kwa wakati wake. Tatizo ni kwamba sheria ilibadilika, ila hofu ikaendelea kurithishwa, mama kwa binti, mpaka ikakufikia wewe kwenye jiko la stendi.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo huenda hukuliona. Umesema “siku zote arobaini”, halafu ukahesabu kumi na moja mfululizo. Mwaka huu wa 2026 Majivu yalikuwa tarehe 18 Februari na Pasaka tarehe 5 Aprili. Kutoka Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Dominika sita, zinabaki arobaini. Dominika hazimo katika hesabu kwa sababu kila Dominika, hata ya Kwaresima, ni siku ya ufufuko, na hatufungi siku ya ufufuko. Kwa hiyo Dominika ya tarehe 22 Februari wewe ulikaa na njaa wakati Kanisa lako lilikuwa mezani. Jumamosi iliyofuata ndiyo ukaanguka.

Halafu hili la kulipa. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, na mitaani kwetu watu wa dini hizi mbili wanachota maji bomba moja, kwa hiyo maneno nayo yanachanganyika. Katika Uislamu, aliyekula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya ugonjwa au safari huzilipa siku hizo baadaye. Huo ni utaratibu wao, wanaujua na wanaushika vizuri. Kwetu haupo. Hakuna kanuni, hakuna katekisimu, hakuna rubriki, yaani maelekezo ya ibada, inayosema Mkatoliki alipe siku za Kwaresima. Na kama mtu angetaka tu kulipa kwa hiari, angekuwa amechagua wakati mbaya kuliko wote. Tuko katika siku hamsini za Pasaka, hadi Pentekoste tarehe 24 Mei. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliagiza kwamba Dominika na katika siku hizi za Pasaka watu wasali wamesimama, wasipige magoti, kwa sababu ya furaha ya ufufuko. Ukifunga siku thelathini sasa utakuwa kama mtu anayelia matanga katikati ya harusi.

Kuhusu jirani yako, usijipime naye. Tumbo lake hulijui. Yeye alikula daku. Wewe, katika barua yote, sijaona uliposema ulikunywa hata kikombe cha chai alfajiri ulipokuwa ukiwapikia wengine supu. Na tena dini yake yenyewe humruhusu mama anayenyonyesha kula akihofia afya yake au ya mtoto. Ukimwuliza atakuambia, na huenda akashangaa ulikuwa unajifanyia nini.

Sasa nadhiri. Hapa mwenzako wa Jumuiya ana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaosumbua zaidi. Ni kweli nadhiri ni kitu kizito. Lakini kwanza si kila tunaloliita nadhiri ni nadhiri. Watu wengi Jumatano ya Majivu wanaweka kusudi: mwaka huu nitajitahidi hivi na hivi. Kusudi likishindikana, unaanza tena kesho yake, basi. Nadhiri ni ahadi anayopewa Mungu kwa kufikiri na kwa uhuru, mtu akijua kwamba anajifunga, na ni lazima iwe juu ya jambo jema zaidi na linalowezekana. Hayo ni maneno ya kanuni ya 1191, na neno la kukazia ni hilo la mwisho: linalowezekana. Mama anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayesimama kwenye moto kutwa nzima, akiahidi kushinda bila maji siku arobaini, ameahidi kitu ambacho mwili wake hauna. Ni kama kumwahidi mtu ng’ombe ambaye hujawahi kumfuga.

Tuseme basi ilikuwa nadhiri halisi, kwa maneno na kwa nia. Kanuni ya 1194 inataja namna nadhiri inavyokoma, na mojawapo ni kupita kwa muda uliowekwa. Wewe uliahidi siku za Kwaresima. Kwaresima imekwisha. Hukuahidi siku thelathini za mwezi wa nne na wa tano, kwa hiyo hakuna anayeweza kukudai hizo. Na kama bado moyo unagota, paroko wako ana mamlaka ya kukufungulia nadhiri ya binafsi, au kuigeuza iwe jambo dogo unaloliweza. Hilo ni kazi ya dakika kumi ofisini kwake.

Biblia ina mtu aliyeshika nadhiri yake mpaka mwisho, naye ni Yeftha, katika kitabu cha Waamuzi sura ya 11. Aliapa kumtoa sadaka atakayetoka kwanza nyumbani kumlaki, akatoka binti yake wa pekee. Mtakatifu Thomas wa Akwino anamnukuu Mtakatifu Hieronimo kwamba Yeftha alikuwa mpumbavu alipoiweka nadhiri ile, na alikosa uchaji alipoitimiza. Mpe mwenzako hilo alisome kwenye Jumuiya. Mume wako aliyekuja mbio na kikombe cha uji hakusimama kati yako na Mungu siku ile.

Kuhusu Komunyo nitakuwa mkali kidogo, na ukali huo haukuhusu wewe. Mwanajumuiya hana mamlaka ya kumzuia mtu Ekaristi. Hata katekista hana. Kinachomzuia Mkatoliki ni dhambi ya mauti ambayo hajaiungama, na dhambi haiwi ya mauti pasipo mambo matatu kukutana: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kuwa ni zito, na akubali kwa hiari kamili. Mtu aliyeanguka chini na kunyweshwa uji hana hata moja kati ya hayo. Nimeketi kwenye kitubio miaka mingi, na ninachokiona ni hiki: wanaojizuia Komunyo kwa mambo ya chakula mara nyingi ni wale waliokuwa wakikomunika kwa moyo, na anayemdhulumu mfanyakazi wake anapita mbele bila wasiwasi. Kanisa linatudai kukomunika angalau mara moja kwa mwaka, hasa kipindi cha Pasaka. Kipindi hicho hakijaisha. Hujachelewa.

Nataka sasa nikuambie kitu juu ya mfungo ambacho kinanigusa kuliko kanuni zote hizo. Siku arobaini tunazihesabu tukimkumbuka Bwana wetu jangwani, Musa mlimani, na Eliya akielekea Horebu. Kisa cha Eliya kipo katika 1 Wafalme sura ya 19. Alikuwa amechoka hadi kuomba kufa, akalala chini ya mti. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Ndipo akaenda siku arobaini kwa nguvu za chakula kile. Angalia mpangilio wake, mama. Siku arobaini za Eliya zilianza kwa kula mara mbili na kulala mara mbili, na malaika hakumlaumu kwa uchovu, alimpikia. Mkate juu ya makaa, kazi unayoijua wewe kuliko mimi.

Kufunga kuna kazi yake. Tumbo ni mlango ulio karibu zaidi. Ukilinyima kidogo, moyo unaanza kuona ni vitu vingapi vingine unavyovikimbilia ili usimkimbilie Mungu. Njaa ndogo inakukumbusha mwenye njaa kubwa. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi kwa mtu mwenye shibe. Kwa mtu ambaye tayari anakosa usingizi, anampa mtoto maziwa ya mwili wake, na tumbo linamuwaka, njaa ya kuongezea haifungui kitu; inamfunga. Akili yote inahamia kwenye maumivu, ulimi unakuwa mkali kwa watoto, na jioni mtu anajihesabia ushindi au kushindwa kwake, Mungu akiwa hayumo katika hesabu. Somo la kwanza la Jumatano ya Majivu, la nabii Yoeli, linaanza na moyo: “Rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu.” Utumbo hakuutaja.

Kwa vile nimeligusa tumbo: usiache dawa zako kwa ajili ya mfungo wowote, wa Kanisa wala wa kikundi cha maombi. Mimi si daktari, ila kuanguka kwa mama anayenyonyesha ni jambo la kwenda kupimwa, hata kama sasa unajisikia vizuri. Huenda damu imepungua. Na siku ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri hata Misa iishe. Nenda hospitali saa ileile.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Je, mtu wa kazi kama yako anaweza kusali?

Tuangalie kwanza kwa nini unalala. Umeamka saa tisa usiku. Mpaka unafika nyumbani umekuwa macho saa kumi na saba, na bado kuna vyombo na watoto. Halafu unaketi gizani, mahali tulivu, na kurudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini. Mama, hivyo ndivyo tunavyobembeleza watoto! Mwili wako unafanya unachoufundisha. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, mtawa wa Karmeli ambaye hakuwa na mabasi ya kusubiri, alisinzia sana kwenye sala zake, akaandika kwamba hilo halimkatishi tamaa, kwa kuwa wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho. Kwa hiyo kulala kwenye Rozari si kosa. Ila si lazima uendelee kuipangia saa ambayo unajua huna nguvu.

Rozari inagawanyika. Imezaliwa kwa ajili ya watu wasioweza kusoma Zaburi 150: wakasali Salamu Maria 150 badala yake, wengi wao wakiwa wakulima na wafanyakazi, kabla Yohane Paulo II hajaongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002. Tendo moja ni kama dakika nne. Tendo la kwanza ukichambua mchele, la pili ukimenya viazi, la tatu kwenye daladala ukirudi. Ukifika mawili kwa siku, ni mawili. Hakuna anayekudai yaliyobaki.

Lakini nisikudanganye. Wapo watakaokuambia “kazi ni sala” na kuishia hapo, nami sikubaliani nao. Salamu Maria unayoisema huku ukirudisha chenji ni sala ya kweli, ila haitoshi, kama vile mume na mke wanaosalimiana mlangoni tu wanapendana lakini kuna kitu wanakikosa. Yesu mwenyewe, ambaye siku zake zilijaa watu kama stendi, aliamka alfajiri na mapema akaenda kusali mahali pasipo na watu. Ipo katika Marko 1:35. Wewe saa hiyo tayari uko macho. Nimefikiri sana juu ya saa yako tisa ya usiku. Unajua kwamba wamonaki Watrapisti huamka karibu na saa hiyohiyo kusali Kesha? Masista unaowaonea wivu, wengi wao bado wamelala. Basi ukishawasha mkaa, ukabandika maharage, kabla hujamwamsha msaidizi wako, keti kwenye stuli dakika tano. Usifanye kitu. Fanya ishara ya msalaba, sema Baba Yetu polepole, halafu mwambie Mungu mambo ya siku hiyo kwa Kiswahili cha kawaida: kodi ya banda, homa ya mtoto, yule kondakta mwenye deni. Dakika tano ukiwa macho zinazidi nusu saa ya kusinzia. Maharage hayataungua.

Na mchana saa sita, Kanisa lina sala fupi ambayo karibu inakutosha wewe kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako: Malaika wa Bwana. Katika siku hizi za Pasaka tunaibadilisha na Malkia wa Mbingu, furahi, aleluya. Haifiki dakika mbili, na tunaisali tumesimama. Wewe umesimama tayari.

Njia ya Msalaba ya saa kumi iache bila majuto. Ni ibada nzuri, lakini si amri, na saa iliyopangwa parokiani ilipangwa na watu wanaotoka ofisini. Katika kituo cha tano yupo Simoni wa Kirene. Marko anasema alikuwa akitoka shamba. Hakuja kwenye ibada; alikuwa anapita na kazi zake, akabebeshwa msalaba. Ukitaka, Ijumaa chagua kituo kimoja tu na ukae nacho kutwa nzima.

Kuna mtakatifu ningependa umjue. Ni Fransiska wa Roma, aliyefariki mwaka 1440, na sikukuu yake, tarehe 9 Machi, mara nyingi huangukia ndani ya Kwaresima. Alikuwa mke na mama, mwenye nyumba kubwa ya kuendesha. Inasimuliwa kwamba siku moja alipokuwa akisoma sala za Bikira Maria kitabuni, mumewe alimwita akiwa kwenye mstari mmoja, akaenda, akarudi, akaitwa tena kwenye mstari uleule, mara nne. Aliporudi mara ya mwisho akaukuta mstari ule umeandikwa kwa dhahabu. Alikuwa na msemo kwamba mwanamke aliyeolewa hana budi kumwacha Mungu altareni na kumkuta katika shughuli za nyumba. Miaka karibu mia moja na sabini baadaye, mwaka 1609, Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu wa Geneva, alitoa kitabu kizima cha kuwatetea watu wa namna yako: aliandika kwamba ibada ya mtawa, ya kushinda kanisani kutwa, haimfai fundi, na kwamba mtu mwenye familia akitaka kuishi kama mtawa asiyemiliki kitu, huo ni uchaji uliopotoka. Kwaresima uliyoibeba mwaka huu, mama, ilishonwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Ya kwako ingekuwaje? Nabii Isaya, sura ya 58, anaeleza mfungo ambao Mungu ameuchagua, na ndani yake kuna kumgawia mwenye njaa chakula chako. Wewe biashara yako ni chakula! Pale stendi sidhani kama unakosa kijana mmoja anayeosha mabasi na kushinda na maandazi mawili. Sahani moja kila Ijumaa, bila kumtangaza. Msaidizi wako anayekusaidia kuosha vyombo alipwe siku uliyosema utamlipa. Mchuzi usiongezewe maji abiria wanapokuwa wengi. Ulimi ushikwe saa nane mchana jua linapokuwa kali na mteja analalamikia nyama ndogo; mimi sijui mfungo mgumu kuliko huo. Hayo unaweza kuyafanya ukiwa umekula, na ni bora uyafanye ukiwa umekula.

Kwa sasa usipange Kwaresima nyingine. Kaa na Pasaka hadi Pentekoste. Baada ya hapo inakuja miezi ya Kipindi cha Kawaida, kanzu za kijani, wiki baada ya wiki, na hapo ndipo dakika zako tano za alfajiri zitakapopata mizizi, kwa kuwa hakuna shamrashamra ya kuzibeba. Majilio yataanza tarehe 29 Novemba. Jumatano ya Majivu ijayo ni tarehe 10 Februari 2027. Mtoto atakuwa anatembea, na pengine hanyonyi tena. Kabla ya siku hiyo nenda kwa paroko, mwambie una vidonda vya tumbo na kazi yako ni hii, akusaidie kuchagua jambo moja la sala, moja la kujinyima na moja la kutoa. Katika kila moja lisiwepo la pili. Na liitwe kusudi, usiliite nadhiri.

Kwa paroko usingoje hata mwakani. Nenda wiki hii ukafanye kitubio, kwa sababu moyo wako unahitaji kusikia kwa sikio kwamba uko huru, na barua haiwezi kukupa hilo. Ukishaungama, na baada ya siku chache ile sauti ikarudi kukuambia kwamba hukusema vizuri, kwamba padri hakuelewa, kwamba lazima urudie, basi mweleze padri huyohuyo na umfuate yeye mmoja. Dhamiri yenye wasiwasi inapona kwa kumsikiliza mwongozaji mmoja. Ukiuliza watu watano utatoka na mizigo mitano. Na kama huna usingizi hata unapopata nafasi, au unaona giza moyoni muda mrefu baada ya kujifungua, mweleze pia mhudumu wa kliniki ya mtoto. Hilo nalo lina matibabu.

Dominika hii, kama Misa yako ni ya saa kumi na mbili asubuhi, kunywa uji saa kumi na moja. Ile saa moja ya mfungo inahesabiwa kabla ya Komunyo, hata si kabla ya Misa, kwa hiyo nafasi unayo tele, na dawa unameza wakati wowote. Mchukue mtoto, ketini mbele. Akilia katikati ya mahubiri, mnyonyeshe hapohapo. Papa Fransisko aliwaambia hivyo akina mama ndani ya Kikanisa cha Sisto, akibatiza watoto Januari 2017: wanyonyesheni, msiogope. Halafu wakati wa Komunyo, nyanyuka na mtoto wako begani uende.